Vidonge Kwenye Kopo la Majani ya Chai

Shikamoo mama,

Neema ameandikiwa vidonge kama vyako, vya sonona, ugonjwa wa huzuni. Vipo mezani siku ya tatu leo, na ananiuliza mimi dada yake anywe au asinywe. Miaka yote nimeishi kwa kuuliza watu maswali. Sasa naulizwa mimi.

Siku ya kuanua matanga yako, hapa kijijini Mwankoko, Mama Mkubwa alisema mbele ya wanawake wote, ungo wa mtama mkononi: "Mdogo wangu alikuwa na huzuni tu. Huyu mwandishi wa habari akampeleka mjini akalishwe vidonge. Vikamla kinga, homa ya mapafu ikamkuta mwili hauna askari." Ni kweli nilikupeleka mimi, na kikohozi kilikuja baada ya vidonge.

Nikarudi kwa daktari wako na daftari. Alisema vidonge hivyo havikai kichwani tu. Vinagusa na chembe za kinga, na mara nyingi hutuliza uvimbe wa ndani kinga inapochachamaa. Ila huzuni nzito nayo huvuruga kinga hiyo hiyo.

"Kwa hiyo mama vilimsaidia au vilimdhuru?"

"Kwa mtu mmoja siwezi kukuambia. Lakini kwamba vinaua kinga, hilo mimi sijaliona."

Niliandika kila neno. Nilipolisoma tena pale nje kwenye benchi, sikujua kama nimejibiwa.

Jana nikafungua kopo lako la majani ya chai. Pakiti ilikuwa humo, imetobolewa safu moja tu. Mama, safu moja. Kila nilipokupigia simu ulisema, "Nakunywa mwanangu, wewe fanya kazi."

Neema akakiri kwamba alijua. Ulimwambia, "Malaria yenyewe dozi siku tatu. Hii nimekunywa wiki nzima, usingizi umerudi, nimepona. Zilizobaki ni akiba, mtu wa nyumbani akilemewa." Ukazitunza kama mbegu.

Sasa ni nini kilichokuchukua? Vidonge vya wiki moja? Huzuni niliyodhani inatibiwa? Au kifua tu, na upepo huu wa Singida? Nilitaka kumwekea Mama Mkubwa pakiti mapajani. Lakini inaonyesha kwamba uliacha dawa. Haionyeshi ulikufa kwa nini.

Kesho naenda na Neema kwa daktari, amuulize mwenyewe. Akiamua kunywa, sitamuuliza kwa simu. Nitakaa naye mezani mpaka ameze, na akianza kukohoa tutarudi siku hiyo hiyo. Mama Mkubwa nitamweleza nilichokiona. Sitasema "kwa sababu" mahali ninapojua "baada ya" tu, hata kwa kujitetea. Hata kwa kujilaumu.

Akiba yako nimeirudisha hospitali, mama. Usikasirike. Kopo nimelijaza majani, na Neema ameshabandika maji.

Lala salama.

Mwanao