Begi la Winnie Limepanda Bei

Baba Winnie,

Makande yako jikoni, yapashe moto. Asubuhi nilikwenda dukani kwa Luqman kununua begi la shule, nikakuta limepanda bei. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba anatunyonya. Hakubishana, alinionyesha tu karatasi za mzigo.

"Mama Winnie, kodi ya bidhaa za nje imeongezeka. Naanza kuilipa mimi bandarini, unaimalizia wewe hapa."

Niliona aibu, nikamwomba radhi palepale.

~~Niachie hela ya kuongezea.~~ Hela usiache. Nimechukua lile turubai la hema ulilopewa kambini, nampelekea Kurwa, fundi cherehani. Atashona begi la kudumu mpaka darasa la saba.

Ukipita kwa Luqman, msalimie. Na usinicheke, nimeshajicheka mwenyewe.

Mama Winnie