Manjanja ya dispensaire

Zaina, usinipigie. Soma kwanza.

Bafundi balipanda leo kubadirisha manjanja, mabati ya juu ya nyumba yetu. Baligeuza moja. Chini yake iko rangi nyekundu: DISPENSAIRE 1986.

Ile dispensaire ya bagonjwa, kartié yote ilijenga ku salongo, kazi ya bure ya kila siku ya samedi! Ile ilibakia bila paa!

Nikauliza papa. Akacheka. Zaina, ALICHEKA. «Ilikuwa wakati ya Zaïre, mwana. Colonel alikamata camion mbili ya manjanja, akauzisha. Siye ba-adjudant tulipata makumi tatu tu kila muntu. Article 15: kila muntu ajipangie.»

Nikamuambia: mama ya Zaina alizalia mule, mvua inamunyeshea. Alikufa pamoja na mutoto.

Papa akaacha kucheka. Nikasema sasa atalia.

Unakumbuka ku matanga ya mama yako? Papa alileta manjanja, akabajengea hangar, mvua isipige bantu. Baba yako alipiga magoti kumushukuru. Matanga ikaisha, papa akairudisha kwetu.

Njo ile ile manjanja, Zaina.

Akaniangalia, akasema: «Na siku ya matanga, nani alibafunika? Si minyi njo nilibafunika?»

Anangoja tumuambie merci. Mpaka sasa iko pale anangoja.