Chisense Haikaushwi na Moshi

Kabuta, pembeni ya ziwa Mweru

Yaya Trésor, kaka yangu,

Jambo kwako na kwa bote ba nyumba. Mugongo ya Mama inaendelea namna gani? Miye niko muzima, mama mudogo ananitunza, mikono tu inanuka samaki hata nikinawa mara tatu. Salamu zimeisha. Sasa nasema yenye iko ku roho.

Uliandika: "Mudogo wangu, batu ba kule bananiita lejende, mwimbaji wa sifa?" Hapana, Yaya. Banakucheka.

Kaseti yako ilifika na Mama Odeti, ule muchuuzi anavuka ziwa toka kwetu na vitenge, anarudia na samaki. Aliiweka ku redio yake asubuhi, tukitandaza chisense na bamama bengine. Hujui chisense: ni samaki kadogo kama kidole cha mutoto, tunaianika ku muchanga, tunaigeuza na mikono mpaka jua iikaushe. Nikasikia sauti yako ikipiga kelele jina yako ya muziki: "Maneno yote ni yangu, MC Mulomo!" Kisha nikasikia barua yangu. Barua yangu, Yaya! Uliniomba nikueleze maisha ya huku, nikaandika kwa vina, sababu kwa mdomo naona haya. Unanijua. Kwetu mwalimu aliniuliza kwa Kifaransa, hapa kwa Kingereza, na pote nilinyamaza.

Naungama: mwanzo nilifurahi. Bamama balitingisha vichwa. Kisha ukafika pale ulibadilisha: "Moshi njo jiko, moto njo sahani."

"Mama wee!" Mama mudogo akaacha kazi. "Moshi? Ku chisense? Huyu hajashika hata moja!"

"Moshi ni ya samaki mikubwa," mwenzake akasema, akicheka mpaka akakaa chini.

"Lakini ni kaka ya huyu mutoto!" Mama Odeti akanionyesha kidole.

Bote bakanigeukia. "Dada ya Moshi! Muambie lejende wako akuje, tumufundishe kazi!"

Siku tatu hilo ndilo jina nililoitwa. Dada ya Moshi, leta beseni. Dada ya Moshi, fukuza kunguru. Kosa yako ikapata jina langu, na maneno yangu yakapata jina yako.

Siku ya ine niliinama, nikabapa bamama mugongo, nikasema pole pole vile niliandika:

*Jua njo jiko, muchanga njo sahani,
samaki inakauka, roho yangu iko nyumbani.*

Hakuna mutu alicheka. Mama mudogo akasema, "Rudilia." Nikarudilia. Sasa bamama banaisema banapogeuza chisense; bakifika ku "sahani," mikono yote inageuka pamoja. Batu ba baisikeli benye kununua kwetu bameibeba pamoja na samaki, sijui mpaka wapi.

Uliweka moshi sababu inasikilika kali, ya kiume. Lakini lejende si ule anapiga kelele jina yake mbele ya wimbo. Ni ule bamama benye magamba ku mikono banatafuta kosa ku maneno yake, banakosa.

Unaomba beti zingine za kaseti ya pili. Sikutumii hata mustari moja.

Salimia Mama, usimufiche hii barua, yeye njo alinifundisha kuandika. Salimia babu na mama wangu wa ubatizo. Na rafiki yako mwenye mashine ya kurekodi, muambie: pale unapiga kelele jina yako, afute, aweke yangu. Kama inakuuma, aache kimya tu. Huku batajua ni ya nani.

Miye, mudogo wako, ule wa kunyamaza,
Bernadeta