Kimya cha Linnea

Jumapili, 8 Oktoba

Kikao cha chuo kimekwisha. Ng'ombe sita wauzwe, zizi lifungwe. Paa linavuja, wanafunzi wa kukamua wamebaki watatu. Sisi Wakweka, Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, hatupigi kura: karani husikiliza mpaka wote wawe na neno moja, ndipo aandike. Karani ni mimi, mwaka wa kumi na tisa huu. Nikauliza kama yupo asiyeridhika. Kimya. Nikaandika: "Tumeafikiana." Kisha supu ya maboga, na usingizi mtamu wa mchana.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimepita zizini asubuhi kuchukua maziwa. Linnea, wa mwaka wa kwanza, alikuwa akimkamua Kwini, paji la uso kaliegemeza ubavuni mwa ng'ombe. Nikatania kwamba Kwini, yaani malkia, ndiye pekee mwenye cheo katika chuo kisichojua vyeo. Hakucheka.

"Mwalimu—samahani, Harriet. Mbona uliandika tumeafikiana?"

"Si hukusema kitu, binti yangu?"

"Nilinyamaza. Sikukubali. Baba alipouza ng'ombe wetu nilipiga kelele wee, hakuna aliyenisikia. Nikadhani hapa mtu akinyamaza, mnamsikia."

Nimerudi bila maziwa.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimemweleza Wilbur, mpishi wetu. Hakunionea huruma hata kidogo! "Karani mzima! Miaka yote unatufundisha kusikiliza kimya, kumbe siku ile ulikuwa unasikiliza tumbo?"

Kweli. Ilikuwa saa saba kasoro. Niliiwahi supu.

Corinne, mkuu wa chuo, kwenye simu: lori la mnunuzi linakuja Ijumaa, tumeshampa mtu neno letu.

"Neno letu, Corinne? Au langu?"

Akanyamaza. Safari hii nilisubiri. Mwishowe akasema, taratibu, niitishe kikao.

Alhamisi, 12 Oktoba

Naandika nikiwa mezani pa karani. Nilisimama nikawatambua waliohudhuria, si kwa vyeo bali kwa miaka waliyotumikia hapa: Wilbur, thelathini na mmoja; walimu, kila mmoja kwa jina lake; Corinne, minne; wanafunzi; wa mwisho Linnea, wiki sita.

"Na Kwini je?" akadakia Wilbur. "Kumi na mmoja huyo, anampita mkuu wa chuo!"

Aliyecheka zaidi ni Corinne mwenyewe.

Kisha nikasema: "Marafiki, Jumapili niliandika jambo lisilo kweli. Nilikuwa na haraka yangu, nikaiita umoja wenu. Mmoja wetu hakuwa ameridhika, nami sikumsubiri. Maandishi yale nimeyafuta. Lori linafika kesho saa mbili asubuhi. Hatutatoka humu mpaka tupate neno moja la kweli, liwe la kuuza au la kubakiza. Na atakayetaka ng'ombe wabaki, ataje pia asubuhi atakayokuja kukamua."

Kimya. Nusu saa sasa. Harufu ya mkate wa mahindi inatoka jikoni kwa Wilbur—makusudi, namjua! Saa ya ukutani nimeipa mgongo.

Benchi la nyuma limelia. Linnea amesimama. Midomo imefunguka, ikajifumba. Bado ana majani makavu kwenye sweta.

Hajasema. Hakuna anayemhimiza. Kalamu naiweka chini—