Kikombe cha Mama wa Mizabibu

Neema, mjukuu wangu,

Huku mtaani kwetu Black Rock tuko wazima, ila mjomba wako bado anapigana na paa la nyumba aliyonunua. Mama yako alinipigia kutoka Columbus, analia kwamba humpigii simu. Donc, mpigie.

Unaniuliza ufanyeje huko Hispania, katika kamji kako ka mizabibu, kwa sababu mama mzee unayeishi kwake anakumiminia divai ya shamba lake kila mkikaa mezani, nawe ni mtoto wa kanisa.

Nilipokuwa msichana nilishuka na baba yangu kutoka milimani kwetu hadi bonde la Ruzizi. Mkulima mmoja akatukaribisha kwa pombe ya ndizi. Baba alikuwa shemasi, pombe haonji. Nikaogopa tutamkosea mwenyeji. Bon, Baba akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akauliza ni nani aliyepanda migomba ile. Mkulima akasimulia mpaka jua likaegemea. Ndipo Baba akamrudishia kibuyu: "Uninywee, ndugu yangu. Sisi kwetu ni watu wa maziwa." Yule bwana akacheka sana, akanywa.

Basi nawe muulize huyo mama ni nani aliyepanda mizabibu yake, kisha umsikilize.

Miaka ikapita, tukakimbia. Hayo tuyaache. Aliyetufungulia mlango kule bondeni ni mkulima yuleyule. Alitukalisha, akatoka, akakawia, akarudi na kibuyu cha maziwa.

Neema, mtu yule hakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Koko yako anayekuombea