Mtungi Niliouosha kwa Sabuni

Mama,

Mtungi niliuosha. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na wewe hukupenda mtu wa kuzunguka. Ule mtungi mkubwa wa kona ya jikoni, intango yako ya pombe, niliuosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikausugua ndani mpaka ukanukia kama duka, halafu nikauanika juani uwanjani watu wote wauone. Ilikuwa wiki ile ile tuliyokuzika. Wageni walikuwa wanaingia kutoka Kasulu mjini na Kibondo, mawifi zako wamekaa barazani wanatazama kila kitu kwa jicho la pembeni, nikasema moyoni, hawa hawatanikuta na mtungi mchafu.

Nikikwambia sikujua kwamba ule mtungi hauoshwi nitakuwa namdanganya marehemu, na hiyo ni dhambi juu ya dhambi. Nilijua. Miaka yote niliyoolewa humu nilikuona ukimaliza pombe unaacha mashapo chini, unafunika na jani la mgomba, unaondoka. Mimi mtoto wa mjini niliona ni uchafu wa wazee, nikakunyamazia kwa heshima. Heshima gani hiyo, ya kusubiri mtu afe ndipo umsafishie vyombo vyake.

Lakini mtungi siyo kosa lenyewe, Mama. Kosa lenyewe liko mbele. Nipe nafasi nifike.

Unamkumbuka yule mzungu wa visima, Mbelgiji, aliyekuwa akifanya kazi kambini Nyarugusu? Gari lake lilizama kwenye tope hapa Makere siku tuliyokuwa na watu wa kutulimia. Wanaume waliacha majembe wakalisukuma, nawe ukamkaribisha kivulini, ukampa mrija kama mtu mwingine yeyote. Mimi nilikukonyeza usifanye vile, niliogopa ataumwa tumbo tusingiziwe. Alivuta funda moja, akavuta la pili. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba hata kwao wakulima walipika pombe ya namna hii, wakiipika majira ya baridi ili wanywe vibarua wakati wa kazi ya shamba. Wanaiita sezoni, yaani msimu. Wewe ukasema, "Kumbe nao walikuwa na akili."

Tulicheka hadi Baba mkwe akauliza kuna nini.

Safari iliyofuata akakuletea chupa. Hukuifungua kwa pupa. Uliiinua kwenye mwanga ukaitazama kitako, ukaona unga umetuama chini, ukaniita, "Adela, njoo uone. Hawa nao hawaoshi mtungi." Ukamwaga kidogo chini, ukanusa, ukaonja, ukaniambia nionje na mimi. Nilisema ni chungu na ina pilipili. Ukanikatalia. Ukasema niache kutafuta utamu, nisikilize inavyoondoka mdomoni. Na kweli iliondoka yote, ikaniacha mdomo mkavu na hamu ya funda jingine, sawasawa na pombe yako ya jembe. Ndipo ukasema neno ambalo sikulielewa siku ile: "Aliyepika hii ana majirani wa kumlimia."

Kwako pombe haikuwa moja. Ya harusi ilikuwa nzito, ya kumlaza mtu. Ya mavuno ilikuwa na utamu wake. Lakini uliyoipenda ni hii ya jembe, ya mtama, nyepesi, yenye uchachu unaogusa kidogo pembeni mwa ulimi, ya kumpa mtu aliyeinama tangu asubuhi. Ulisema pombe ya jembe haitakiwi kumlaza mtu, inatakiwa kumrudisha kwenye mstari wake. Walevi wa Makere waliilalamikia kwamba haifiki kichwani. Uliwajibu waende wakalewe kwingine, hapa watu wanalima.

Na siku hiyo ya chupa, kwa sababu ulikuwa umefurahi, ulinisimulia habari ya chachu. Jinsi mama mkwe wako kule Burundi alivyokukaushia mashapo kwenye kitambaa, ukayafunga ndani ya kitenge, ukavuka nayo na mtoto mgongoni hadi Kibondo. Jinsi ulivyoyaamsha kwa uji wa mtama kambini, yakafufuka. Ukaniambia kwenu aliyepewa chachu haishii kusema asante. Anapika, na kibuyu cha kwanza anampelekea aliyempa, aonje kabla ya mtu mwingine, ndipo naye ahesabiwe kuwa mpishi. Wewe hukuwa na wa kumpelekea, aliyekupa alibaki ng'ambo. Ulikibeba kibuyu chako hadi nyuma ya hema ukakimwaga chote chini, ukalia. Tangu hapo uliwapa watu wengi chachu, na wote walisema asante wakaenda zao. Ulisema hivyo bila kinyongo. Mimi nilisema ndiyo maana usiwe unagawa ovyo. Nilisema chachu ya nyumba hii siyo maji ya mto. Ukanitazama ukasema, "Jirani akija kuomba moto, utamfungia mlango?"

Sasa nimefika, Mama.

Ulipolala kitandani na usinyanyuke tena, alikuja mwanamke mlangoni. Mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, kibuyu mkononi kimefunikwa na jani. Alinisalimia kwa Kirundi, "Amahoro," akasema anaitwa Spesi, ametokea Kitanga, ana shida na Mama kuhusu mambo ya chachu. Hapo hapo nikamkata. Mdomo wangu unaujua. Nilimwambia mgonjwa hali yake mbaya, na watu hawana hata haya, mtu yuko kitandani wao wanafikiria chachu. Nikamwambia haigawiwi tena, arudi kwao. Alifungua mdomo aseme kitu, sikumwacha amalize. Akainamisha kichwa, akasema, "Ego, mama," yaani ndiyo, akageuka. Nilimtazama mpaka akapita migomba, nikajiona nimekulinda.

Kitanga ni mbali kwa miguu. Hata maji sikumpa.

Kuanzia jioni ile ukaanza kuuliza. "Wa Kitanga hajafika?" Nilidhani ni homa inasema. Hatuna ndugu Kitanga, na yule wa mlangoni nilimhesabu mwombaji tu, sikudhani ungekuwa unamngoja yeye. Nilikufuta uso nikakwambia, hakuna mtu wa Kitanga, Mama, lala. Kesho yake ukauliza tena, nami nikajibu vile vile, na mara ya mwisho nilikujibu kwa kuchoka, sauti imepanda. Hukuuliza tena. Ukageukia ukutani.

Tukakuzika. Nikaosha mtungi.

Siku ya kuganduka ilipokaribia, ya kumaliza matanga na watu warudi kwenye kazi zao, Baba alisema pombe itapikwa hapa hapa nyumbani, na nitaipika mimi. Mawifi walitaka tununue kreti za bia Kasulu. Baba akasema mke wake hakuwahi kuwapa watu kitu cha kununua, hataanza leo. Basi nikaloweka mtama, nikauotesha, nikaukausha, nikasaga, nikapika uji kama nilivyokuona ukifanya, nikamimina kwenye mtungi wako unaong'aa, nikafunika na blanketi. Nikasubiri ule mlio wako, ule uliokuwa unaniita niweke sikio, wa kama mtu ananong'ona. Hakuna. Kesho hakuna. Siku iliyofuata uji ulianza kunuka vibaya, na juu umetulia kimya.

Baba alikuja akachovya kidole, akaonja. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliutazama mtungi ndani, akapitisha mkono ukutani mwake, akajua. Akasema taratibu, "Chachu ya mama yenu iko Kitanga, kwa Spesi. Alimpa wakati wa kuvuna maharage."

Niliogopa, Mama. Nilidhani namwogopa mwanamke niliyemfukuza. Sikujua bado la kuogopa ni lipi.

Nilipanda bodaboda na kibuyu changu kimefunikwa na jani. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika uwanjani kwake maneno yote yakaisha. Spesi alikuwa anapepeta. Alinitambua, niliona macho yake yamenitambua, lakini alinyanyuka akaniletea kigoda na maji ya kunywa. Maji, Mama, kabla hata sijasema nimefuata nini. Nilisema nimekuja kuomba chachu. Nilitamani anikate kama nilivyomkata, tuwe sawa. Alichukua kibuyu changu akaingia ndani, akatoka kimejaa nusu, kinatoka povu kwenye jani.

Ningenyamaza ningeondoka na kosa moja. Lakini mimi na mdomo wangu. Nikamuuliza, kama chachu alikuwa nayo tayari, siku ile alikuja kuomba nini?

Aliutazama ungo wake. Halafu akasema hakuja kuomba. Alikuwa amepika mara ya kwanza, na Mama alimtumia salamu kwamba anaumwa, awahi. Alileta kibuyu cha kwanza.

Sikulia hapo. Nikamuuliza alikipeleka wapi. Akasema kibuyu hicho hakirudi nyumbani kimejaa. Alikimwaga njiani, baada ya migomba yetu, akakung'uta mavumbi akaendelea.

Kati ya watu wote uliowapa katika maisha yako, mmoja tu ndiye aliyerudi. Nami nikamrudisha. Na wewe ulikuwa umelala chumba cha pili unamsubiri, unaniuliza mimi.

Pombe ya kuganduka ilikubali, Mama. Nikaweka sikio kwenye mtungi, ukanong'ona, nikaondoka jikoni mbio kwa sababu nilishindwa kuusikiliza. Ilitoka nyepesi, kavu, na ule uchachu wa pembeni mwa ulimi. Kibuyu cha kwanza sikumpa Baba wala mawifi. Nilikipeleka Kitanga kwa Spesi, maana sasa yeye ndiye aliyenipa. Alionja, akafikiri kidogo, akasema kimea changu nilikianika sana, safari nyingine nikianike muda mfupi zaidi, tena kivulini. Kisha akaniambia, "Wewe ni mpishi." Nilitamani asiseme.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka chini ya migomba. Walivuta mirija wakasema chachu ya Mama haijafa. Wifi yako mkubwa, yule aliyetaka kreti, alinishika bega mbele za watu akasema nimekutunzia nyumba. Nilitazama chini. Walidhani ni unyenyekevu. Mwanao anajua yote, nilimwambia. Baba anajua la mtungi. La kibuyu sijaweza kumwambia, kwa sababu kila nikianza naona uso wako umegeukia ukutani.

Spesi alikuja mapema kabla ya watu. Nilimwona anatokea kwenye migomba na kitambaa chake kile kile cha kijani na kibuyu mkononi, amepika upya. Nilitoka nje nikakipokea kwa mikono miwili, nikampeleka mwenyewe kaburini. Katekista alikuwa anapita, akatuona, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nilimrudishia Spesi kibuyu, akainama akamimina taratibu upande wa kichwa. Udongo ulikunywa haraka. Alisema maneno ya Kirundi ambayo Kiha changu kinayafikia, kwamba amechelewa, umsamehe. Yeye ndiye aliyeomba msamaha, Mama. Mimi nilisimama pembeni na jani la kibuyu mkononi, wangu sikuuomba.

Kwa hiyo nakuandikia, labda kwa maandishi nitaweza.

Mtungi wako uko konani, una mashapo chini, umefunikwa. Sabuni haitaugusa nikiwa hai, na nimeshawaambia wanangu. Msimu huu nitapika ya jembe, majirani wameshaniuliza siku. Mtu akija mlangoni na kibuyu nitampa maji kwanza, nitamkalisha, nitamwacha aseme mpaka amalize, hata kama ni mzungumzaji kama mimi. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Ni ndogo, najua, na imechelewa.

Lala salama, Mama. Swali lako sikukujibu sawasawa, na sitaki ukae huko ukidhani alikusahau. Wa Kitanga alifika. Alifika siku ile ile uliyoanza kuuliza, akasimama mlangoni, na kibuyu kilikuwa kimejaa.

Mkwe wako,
Adela