Kerezo ya Kutosha Mguu Wangu

Koyama, Mfungo Pili

Kaka yangu mpenzi Bakari,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na Mama na wifi Zuhura na watoto, na Mungu awazidishie siha juu ya hiyo aliyowapa. Goti la Mama linaendeleaje? Bado anaikataa fimbo na kusema fimbo ni ya wazee? Mwambie namwota mara kwa mara, na kila ndoto ananiuliza kama nimekula. Nakula. Mwili wangu ni mzima.

Waraka wako nimeupata kutoka kwa nahodha Mote, na nimeusoma mpaka mikunjo yake imeanza kukatika. Ahsante kwa kuzunguka juani kwa ajili yetu. Umeona kerezo mbili za chuma za kuchongea kwa kuzungusha, unasema. Moja kubwa, imetolewa kwenye meli iliyovunjwa, nayo wanaiuza kwa bei ya vyuma chakavu. Ya pili ni ndogo, ya kukanyaga kwa mguu, mali ya fundi wa bunduki aliyefariki, nayo ni ghali kuliko ile kubwa. Na wewe moyo wako umekwenda kwenye kubwa. “Kwa nini mtu alipe zaidi apate kidogo?” umeniuliza. Wewe ni fundi wa meli, nami najua ninabishana na nani. Lakini kabla hujatoa pesa, nisikilize.

Kutoka hapa usimsomee Mama. Mwambie tunaandikiana habari za vyuma tu.

Nilikuandikia kwamba mume wangu Athmani ameumia jicho. Sikukuandikia jinsi alivyoumia, kwa sababu mwenyewe hakutaka. Sasa hawezi tena kusoma ninachoandika, na waraka huu sitamsomea.

Unaijua kerezo ya upinde aliyorithi kwa baba yake, uliyomwona nayo alipokuja Unguja kuuza miguu ya vitanda. Kamba imeviringwa kwenye mti, mkono mmoja unavuta upinde na kuurudisha, na mti unazunguka huku na huku. Patasi inakata mti unapokuja kwako tu. Mti unaporudi, mkono unainua patasi kiasi cha unywele, kisha unaishusha tena. Kuinua huko Athmani hukuita kupumua. Hakumbuki alijifunza lini. Anasema hata usingizini mkono wake unapumua, na ni kweli, nimeuona.

Hiyo kazi ya mbao ilikuwa inatulisha, lakini imekwisha kukonda. Manahodha wa huku hawataki tena kapi za mti mtupu za kupitishia kamba za tanga, wanataka matundu yake yatiwe shaba ili kamba isishike. Washona nguo wa Kismayo wana cherehani zilizolegea vipini, na hakuna wa kuwachongea vipini vipya. Upinde hauiwezi shaba sawasawa. Kwa hiyo Athmani alikwenda Kismayo kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyekuwa anauza kerezo ya chuma ya kukanyaga, nami nikafuatana naye kwa kuwa nilikuwa na nguo za kununua. Nilikaa mlangoni kwa fundi yule, juu ya gunia la misumari, nikimtazama mume wangu akijaribu chombo kama bwana arusi anayejaribu viatu.

“Polepole, bwana,” yule fundi alimwambia. “Hii hairudi nyuma. Inakwenda tu.”

“Nimesikia,” Athmani akajibu, akacheka. “Hata bahari inarudi, lakini hii yako hairudi.”

Alisikia, ila mkono wake haukusikia. Shaba ilizunguka, patasi ikakata vizuri, unyuzi wa shaba ukatoka mrefu, naye akaniangalia kwa furaha. Kisha mkono ukapumua. Ukainuka kama ulivyozoea, ukashuka tena juu ya kitu ambacho hakikusimama kuungoja. Patasi ilikwama, ikavunjika, na kipande chake kikamwingia jicho la kushoto. Sikuona kikiruka. Niliona amekaa chini, ameziba uso kwa mkono uleule.

Daktari wa serikali alisema jicho limekufa, litolewe. Alisema pia, na mkalimani akarudia mara mbili ili tuelewe, kwamba jicho lililokufa likiachwa ndani humwita mwenzake. Athmani akasema, “Nimekwisha kumpa Mungu nuru yake, kombe lake tupu nitabaki nalo.” Nilimsihi akubali. Mavyaa, mama yake, alikuja kutoka Koyama kumsihi asikubali, na aliyezaa husikilizwa kabla ya aliyeolewa. Alipokubali mwishowe, jicho la kulia lilikuwa limeanza kuwa jekundu na kuona moshi mahali pasipo na moto. Walilitoa lile la kushoto. Moshi haukuondoka. Daktari hakutuficha. La kulia nalo litakwenda, alisema, ila hajui litakwenda lini.

Sasa unajua, kaka. Hii kerezo si ya Athmani. Ni yangu.

Naona unavyosimama na kuweka waraka chini. Uokote, tafadhali.

Nilimwambia mwenyewe, asubuhi, alipokuwa anapapasa tupa zake na kuzipanga kwa ukubwa. Nikasema, “Nifundishe mimi.” Aliendelea kuzipanga. Mavyaa alikuwa uani anachambua mchele, akajibu kwa niaba yake.

“Mwana wa chuoni! Umemaliza vitabu sasa unataka vyuma?”

“Nataka tule, mama.”

“Tutakula samaki. Nduguye atatuletea samaki. Wataka watu wapite hapa waseme, mwana wa fulani amekaa kitako na mkewe anakereza? Mchu mume, mwanamume mzima, akae kama kuku anayeatamia?”

“Kuku anayeatamia ana kazi,” Athmani akasema. Ndiyo mara ya kwanza kutia neno. “Mimi nitaatamia nini?”

Mavyaa akamwaga mchele aliokwisha kuuchambua ndani ya ule ambao hajauchambua, akaondoka. Nikabaki naokota punje. Nilijua amekwenda kulia, na nilijua pia kwamba kama ningekuwa nimekosea asingeondoka, angebaki kunigombeza.

Siku kadhaa zikapita. Kisha nikamkuta Athmani ameishusha kerezo ya baba yake kutoka mahali pake. Alikuwa ameikata kamba, na upinde ameuvunja kwenye goti. Mbao za msingi amezipasua. Nilipiga kelele nikidhani amechanganyikiwa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Ungeijaribu tu nikiwa nimelala. Nakujua. Ungeanza kupumua, na mimi sitaki mkono wa mwanafunzi wangu ujue kupumua.”

Hivyo, Bakari, katika nyumba hii hakuna tena kitu kinachozunguka. Tunakula samaki wa shemeji, kama mavyaa alivyosema, na hatuachi kushukuru kwa sauti kubwa ili shemeji asikie.

Huenda ukadhani ni dhiki tu inayonisukuma. Sitakudanganya wewe uliyenifundisha kuandika alifu kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa Mama. Kuna kitu ndani yangu kinaitaka kerezo hii hata kama dhiki isingekuwapo. Nilikisikia pale mlangoni kwa yule fundi, ule unyuzi wa shaba ulipotoka, kabla ya balaa. Nakiogopa, kwa sababu kilikuja kabla ya balaa kikabaki baada yake. Lakini sijui namna ya kukitoa, na sina hakika kama ni lazima nikitoe.

Sasa turudi kwenye vyuma.

Hiyo kubwa ina gurudumu la kuzungushwa na mtu wa pili. Mtu huyo ni nani? Mavyaa? Mwanamume wa nje siwezi kukaa naye chumba kimoja kutwa nzima, na Athmani anataka mikono yake iwe huru, aishike yangu inapokosea. Tena Koyama hakuna gati. Kitu chochote kinachokuja hapa kinashushwa kwenye maji yanayowafika watu kifuani, na kubebwa mchangani mpaka nyumbani. Chuma cha meli kitazama kwenye tope la kwanza, na watoto wa kisiwa watakifanya mahali pa kuogelea. Hiyo ndogo watu wawili wenye nguvu wataibeba. Mahali pake nimekwisha kupatayarisha, tumepanga mawe ya tumbawe yaliyo bapa tukayashindilia kwa chokaa, na nimetundika pazia la kitambaa cha marekani dhidi ya mchanga.

Kwa hiyo ni ndogo. Lakini ndogo nayo isiwe mbovu, na hapa nakuandikia maneno ya Athmani kama alivyoyasema, ukiniona najigamba ujue ni yeye.

Usiangalie kutu ya juu juu, kutu hupigwa msasa ikatoka. Angalia rangi. Kerezo iliyopakwa rangi juzi ni bibi arusi ambaye hawataki umfunue. Kuna ufa chini yake. Shika ule mhimili unaozunguka, utikise juu na chini kwa nguvu. Mhimili ukigonga hata kidogo, mwambie muuzaji kwaheri, usimpe nafasi ya kueleza. Kisha pitisha ukucha kwenye reli za kitanda chake, uanze mwisho mpaka karibu na kichwa. Pale karibu na kichwa ndipo kila fundi hufanyia kazi, ndipo panapolika. Ukucha ukizama, hiyo imekwisha kumzika mwenyewe na haina haja ya kuja kutuzika sisi. Zilete ncha zake mbili zikutane. Zikibusiana sawasawa, vizuri. Zikipishana, muulize kama kuna namna ya kuzirudisha. Magurudumu ya meno ya kukatia parafujo yakiwa yamepotea, nyamaza, usimwambie kwamba hatuyahitaji. Lalamika sana, apunguze bei.

Hayo ni yake. Langu ni moja, na hili utalichukia. Mpeleke wifi Zuhura akaikanyage.

Mimi na yeye tuna kimo kimoja, unakumbuka tulivyokuwa tukiazimana viatu. Mguu wako wewe ni wa dume, hauwezi kunijibu. Avae buibui lake, asimame kwenye kanyagio, na gurudumu lianze kwa mguu wake tu, bila mkono kulisaidia. Kisha aendelee kukanyaga huku anasoma Yasini moyoni, asiharakishe. Akifika mwisho na pumzi yake ingali ya kawaida, ilete. Akihemewa katikati, iache hata kama ukucha wako haukuzama popote. Watu wa karakana wakikucheka, waambie mkeo anatafuta cherehani. Zuhura mwenyewe atacheka kuliko wote, kisha atafanya. Namjua.

Kabla ya kuipakia, ipake sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, kila mahali, mpaka kwenye matundu. Inanuka, lakini chumvi ya njiani haina huruma. Na mkanda wake wa ngozi uufunge peke yake, panya wa jahazi wasiupate.

Nahodha Mote ndiye anayekuletea waraka huu, na atapita Kiwayu na Lamu, kisha moja kwa moja Unguja. Akirudi hasimami popote kabla ya Ras Kamboni. Hakuna mwingine ninayemwamini na kitu hiki, wala muda wa kumtafuta. Athmani asubuhi bado anaona makali ya patasi akiyaleta karibu na uso. Adhuhuri haoni. Anayajaribu kila siku, akidhani niko jikoni. Anayotaka kunifundisha ni ya kuonwa: namna patasi inavyolala, rangi ya shaba inapopata moto kupita kiasi, mahali pa kusimamisha jicho. Mengine, anasema, ataweza kuyafundisha kwa masikio. Haya hayawezi.

Sasa mwite Mama, msomee kuanzia hapa.

Mama, nakubusu mikono. Kanga ulizoniletea bado ni mpya, nazivaa sikukuu tu. Mavyaa anakusalimu, na anasema binti yako ana kichwa kigumu, nami nimemwambia atakuambia wewe mwenyewe siku mtakayoonana. Nisalimie shangazi mpika mofa, na ami mwadhini, aniombee dua kila akishuka mnarani. Mpe salamu mama yake Zuhura, aliyenikanda nilipokuwa mwari. Watoto wa kaka wabusu mmoja mmoja, na yule mdogo ambaye bado sijamwona mwambie ana shangazi baharini.

Bakari, hili ni lako peke yako tena, uwe umemaliza kumsomea Mama.

Huenda hiyo ndogo imekwisha kuuzwa waraka huu utakapofika. Ikiwa ni hivyo, usiniletee kubwa. Na usiniandikie kwamba imeuzwa, Athmani asije akaacha kungoja. Nyaraka zako namsomea Athmani kwa sauti, naye siku hizi anaisikiliza sauti yangu kuliko maneno. Siwezi kuruka mstari bila yeye kujua nimeruka. Andika kwamba umeinunua, ukucha haukuzama, Zuhura alimaliza Yasini bila kuhema, ila jahazi limechelewa. Nitamsomea kama ulivyoandika.

Ni mimi nduguyo,
Mwanaisha